Eti mpakato, mbona haipakatiki?

Wiki hii tuachane kidogo na habari za nani kaonekana na nani kule Shangani. Leo nina kesi ya mshiko, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe. Mlalamikaji ni dada yangu wa tumbo moja, mwenye steshenari jirani na soko la Chikongola. Kielelezo ni kompyuta moja nyembamba kama trei ya chai. Ukiipachika kibodi yake inakuwa laptopu, ukiichomoa inakuwa tableti.

Kesi ilianza hivi. Msimu wa korosho wa 2024 ulikuwa wa neema, sote tunakumbuka. Kwenye minada ya mwanzo, mwezi Oktoba, bei ya kilo ilivuka shilingi 4,000, na watu waliokuwa wanatembea wameinama wakaanza kutembea wamenyoosha shingo. Mikorosho aliyotuachia marehemu baba kule Nanyamba nayo haikutuaibisha. Fungu la dada lilipoingia benki, akaniita.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unayejifanya kuyajua haya mambo. Ninunulie kompyuta. Moja tu. Mchana ifanye kazi ya duka, usiku niende nayo nyumbani mtoto asomee. Na siku nikiitwa kuandika mihtasari ya vikao vya AMCOS, niitie kwenye mkoba niende nayo."

Akanipa laki tisa. Kwa bei ile ya mnada, hizo ni kama kilo 225 za korosho, karibu magunia matatu, zilizookotwa moja moja chini ya mti na mgongo umepinda. Mtu ukipewa hela ya namna hiyo unatakiwa kutulia.

Mimi sikutulia. Kariakoo niliingia dukani nikiwa na nia ya kutafuta laptopu ya kawaida, nikakuta kijana anachomoa kioo cha mashine kutoka kwenye kibodi, tap! Akakisimamisha juu ya kaunta kwa mguu wake wa nyuma, akakigusa kwa kidole, picha zikaanza kuteleza. Jamani, nikazimia. Nikajiona nimekaa pale ufukweni Shangani jioni, juisi mkononi, nauza sura. Duka la dada likanitoka kichwani kabisa.

"Laki saba na nusu, braza. Imetoka nje, imetumika kidogo sana."

Nikahesabu, nikatoa. Ndipo akaniambia kibodi inauzwa mbali, laki moja na elfu ishirini. Nilipouliza ile kalamu ya kuandikia kwenye kioo, akanitajia bei iliyonifanya nikohoe. Chapa ya mashine sitaitaja, na duka sitalitaja. Kesi ni yangu, na nisimchafulie mtu biashara.

Kwa wasiozijua mashine hizi, nieleze kidogo. Mwaka 2012 ndio zilipoanza kuvuma. Mwezi Juni mwaka huo Microsoft walitangaza Surface yao, na Oktoba ikaingia madukani pamoja na Windows 8. Lenovo nao wakaja na Yoga. Tangu hapo kuna koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa zinazochomoka kama Surface: kompyuta yote iko nyuma ya kioo, kibodi ni kama jalada la daftari. Ukoo wa pili ni wa zinazopinduka kama Yoga: kioo hakitoki, bali unakizungusha mpaka kibodi inakwenda mgongoni. Ya dada ni ya ukoo wa kwanza. Tofauti hii ishike vizuri, maana ndiyo iliyonitia hatiani.

BAKITA wametupatia neno zuri la laptopu: kompyuta mpakato. Kitu cha kupakatwa, kama mtoto. Basi nilipanda basi la kurudi Mtwara, safari ya kilomita zaidi ya 500, nikasema ngoja niipakate. Lo! Kibodi ni laini, haiwezi kukibeba kioo. Kinachokibeba kioo ni ule mguu wa nyuma, na mguu unataka sehemu ya kukanyaga. Uliniishia magotini. Basi likipita kwenye tuta, kioo kinalala chali. Nikikisimamisha, kibodi inabonyea katikati ya mapaja. Kabla hatujafika Somanga nilikuwa nimeandika sentensi moja na nusu, na mama niliyeketi naye akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, hicho kitu mbona kinakuhangaisha kama mtoto mwenye mchango?"

Nikaifunga, nikaitia begini. Kwa mwenye kutaka kufanya kazi kwenye basi, kwenye benchi la hospitali, au akiwa amekaa juu ya gunia ghalani, zinazochomoka si mpakato. Hazipakatiki. Zinazopinduka zinapakatika, kwa sababu kitako chao ni kigumu kama cha laptopu yoyote, ila ukizigeuza tableti ni nzito, mkono unachoka upesi.

Dukani mambo yakawa magumu zaidi. Dada alisomea uhazili enzi za mashine ya taipureta, na vidole vyake bado vinapiga kama nyundo. Kila mwisho wa muhula walimu humletea mitihani ya kuchapa, kurasa kwa kurasa. Siku ya kwanza alipiga ukurasa mmoja kwenye kibodi ile nyembamba, akasimama, akanikunjia uso.

"Hii ni kibodi au naandika juu ya chapati?"

Halafu matundu. Mashine ilikuwa na tundu moja tu la USB. Printa inalitaka, flashi ya mteja inalitaka, mausi inalitaka. Mteja kaja na flashi, dada anachomoa printa. Akitaka kuprinti, anachomoa flashi. Nikanunua kigawanyo cha matundu manne kwa hela yangu mfukoni, hela yenyewe ya ukapa. (Mzee Mkapa alikuwa wa kwetu, kule Lupaso, kwa hiyo neno hilo tunaruhusiwa kulitumia bila kuombwa radhi.) Na joto! Mashine haina feni, duka ni la bati, saa nane mchana mgongo wake unachoma kama sahani ya pilau. Ikipata moto sana inapunguza kasi yenyewe, na wewe unabaki kuangalia kiduara kinazunguka.

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha. Ndipo akaja mzee mmoja kutoka upande wa Msimbati.

Alikuwa na fomu ya benki. Hela ya korosho siku hizi inapita kwenye akaunti, na jina la kwenye akaunti likitofautiana na la kwenye orodha ya wakulima, kasheshe yake unaijua. Dada akachapa taarifa zake. Zamani angeprinti, mzee akague, wakikuta kosa waprinti tena, na karatasi ni hela. Siku hiyo, sijui ni nini kilimjia, akakichomoa kioo kutoka kwenye kibodi, akampa mzee mkononi.

"Baba, hebu angalia kama kila kitu kiko sawa."

Mzee akakishika kwa mikono miwili. Maandishi yakawa madogo kwake. Dada akamwonyesha namna ya kuyapanua kwa vidole viwili, jina likajaa kioo kizima, herufi kubwa kama za bango. Mzee akasoma polepole, midomo ikitikisika, kidole kikifuata. Akafika katikati ya jina la babu yake, akasimama.

"Hapa pamepotea herufi, mwanangu."

Kweli, ilikuwa imepotea. Na haikupotezwa na dada. Ilikuwa imepotea tangu kwenye kile kikaratasi cha zamani ambacho mzee alikuja nacho kama kielelezo, na kila ofisi aliyopita walikuwa wananakili kosa lile lile. Ilibidi aende kulirekebisha kwanza huko lilikoanzia ndipo arudi kujaza fomu. Alirudi baada ya wiki mbili, na safari hii aliomba mwenyewe: "Nipe kile kibao nisome."

Tangu siku hiyo hakuna mteja anayelipia fomu bila kupewa kioo akague. Wanafunzi wanaoomba mikopo ya HESLB, wasichana wanaotuma maombi ya kazi, kina mama wa vikoba wenye katiba zao, wote. Zamani mteja alikuwa anainama juu ya kaunta, shingo imepinda, anasoma kinyumenyume, anaona haya kuomba arudie, anasema "iko sawa tu." Sasa anasoma kwa raha zake. Hilo laptopu ya kawaida haiwezi, labda uizungushe na nyaya zake zote. Nami kusema kweli sikulinunua hilo kwa akili. Nililinunua kwa tamaa, likajileta lenyewe.

Mnakumbuka baada ya Sensa ya Agosti 2022, vile vishikwambi vilipelekwa kwa walimu. Ni vizuri, lakini mwalimu mwenye kishikwambi bado anakuja kwa dada kuchapiwa mitihani, kwa sababu kuandika kurasa 20 kwa kidole kwenye kioo ni adhabu. Kishikwambi ni cha kusoma na kujaza. Mashine hii inataka kuwa vyote viwili, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Nikaona niijaribu na ufukweni. Msimbati wengi wenu mnaijua kwa mchanga wake na kwa gesi ya Mnazi Bay. Iko ndani ya ile hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, inayofika mpaka maingilio ya mto Ruvuma. Jamaa yangu mmoja huko anaandika takwimu za samaki wanaoshushwa: chombo gani, samaki gani, kilo ngapi. Anatumia daftari lililovimba kwa maji ya chumvi. Nikamwambia leo tunaandika kisasa.

Saa nne asubuhi kioo kilikuwa kimegeuka kioo kweli kweli, cha kujitazamia. Niliona uso wangu na mawingu nyuma yake, samaki sikuwaona. Kidole kikiwa na maji, mguso unaruka ovyo: unataka changu, unapata tasi. Jamaa akanitazama, akatoa kalamu yake sikioni, akaendelea na daftari. Kosa langu kubwa lilikuwa kuilaza mashine juu ya mchanga wakati napiga picha. Punje zikaingia kwenye vile vishikizo vya shaba ambapo kibodi inashikana na kioo, na jioni kibodi ikakataa kutambulika. Nilisafisha kwa kitambaa laini na spiriti kidogo mpaka ikakubali. Mwenye mashine ya kuchomoka akae mbali na mchanga, au ainunulie koti la plastiki gumu. Kilichonisaidia ni kamera ya nyuma tu: nilipiga picha kurasa za daftari, na usiku nikiwa mezani tukaziingiza kwenye jedwali, picha upande huu na jedwali upande ule. Mwezi mzima wa takwimu ulikwisha kwa usiku mmoja. Daftari ufukweni, mashine mezani. Jamaa bado anafanya hivyo, ila kwa simu yake.

Sasa chaja, na hapa nyoosheni masikio. Ile ya dada inaingia ubavuni kwa sumaku, kichwa chake ni cha peke yake, hakuna chaja nyingine inayokubali. Usiku mmoja panya wa Chikongola akala waya. Mtwara nzima nilizunguka. Laptopu za kawaida, chaja tele. Ya sumaku, hakuna. Ikabidi iagizwe Dar, ije kwa basi. Siku tatu duka likaendeshwa na kompyuta kuukuu ya mezani iliyokuwa inafugia buibui, na dada hakunisemesha.

Kumbe ndugu zake wapya hawana balaa hilo. Kwa familia ya Surface Pro, tundu la USB-C liliingia mwaka 2019 na Pro 7, na mashine yenye tundu hilo inaweza kuchajiwa kwa chaja ya USB-C yenye nguvu ya kutosha, hata kwa pawabenki kubwa. Kwa watu tulioonja jinsi umeme ulivyotuchezesha sindimba Mtwara na Lindi mwaka 2024, huku bomba la gesi linapita nje, hilo tundu ni la kuangalia kabla ya rangi na wembamba. Saa tisa za betri nilizoahidiwa Kariakoo, nilizipata nne na ushee.

Kuna na hizi za bei nafuu zinazotumia ChromeOS, ambazo kazi zake nyingi zinapitia mtandaoni. Sizichukii. Lakini kumbukeni Mei 2024: Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika, halafu tarehe 12 nyaya za baharini zikakatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuombeleza. Kwa kazi ya steshenari, faili likae ndani ya mashine.

Na ikiharibika? Kioo kimegundishwa kwa gundi, RAM imechomelewa, huwezi kuongeza. Wale mafundi wa Marekani, iFixit, wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezwa, Surface Pro 7 waliipa 1 kwa 10. Moja! Baadaye watengenezaji wakajirekebisha, Pro 9 ya mwaka 2022 ikapata 7. Fundi wetu hapa mtaani niliyemwonyesha ya dada aliigeuza mara mbili, akanirudishia kwa heshima. "Hii usiiangushe tu, kaka." Ndiyo ushauri wote niliopata, na hakunitoza.

La mwisho la kitaalamu. Mashine nyingi hizi tunazopata ni zilizotumika, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa mpya, na kwa Intel kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane. Kijana wa dukani atakwambia "ni Core i5 hiyo," kana kwamba hilo linatosha. Muulize kizazi cha ngapi. Akianza kuzuga, jua ni kimeo, ondoka. Ya dada ilikuwa ya nane. Bahati tu, maana mimi nilikuwa naangalia picha zinateleza. Na RAM usikubali chini ya 8, kwa kuwa ndiyo utakayokufa nayo.

Basi jioni moja dada akaleta ming'oko na chai, nikajua hukumu imefika. Akauliza swali moja.

"Kwa laki tisa ile ile, nisingepata laptopu ngumu iliyotumika, na tableti ndogo ya mtoto, na chenji?"

Nikamwambia ungepata. Sikuwa na namna nyingine ya kujibu, nilikuwa nimeshapita madukani nikaulizia bei zenyewe. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchapa kutwa nzima, hiyo ndiyo njia, na nyinyi mnaotaka kufungua steshenari msinifuate mimi. Mwenye kazi ya kusimama na kuzunguka, afisa mikopo, nesi wa kliniki, mtu wa bima, mwenye kuonyesha watu ramani za viwanja, huyo mashine ya kuchomoka inamfaa kweli, kwa sharti la USB-C. Mwanafunzi wa chuo ningempa ile ya kupinduka, aandikie mapajani, jioni aigeuze asomee.

"Basi iuze," nikasema. "Nitaongezea ya kwangu tununue nyingine."

Akacheka. Akasema mzee wa Msimbati akija atampa nini asome? Akaniambia kaniita nile ming'oko, si kuja kumuuzia kompyuta yake.

Leo ukipita dukani kwake utaikuta imekaa juu ya boksi la karatasi za A4, mbele yake kibodi nene ya zamani ya elfu kumi na tano, imeungwa kwa waya kwenye kile kigawanyo changu. Anaipiga kama taipureta, kelele mpaka barabarani. Mteja akifika kwenye kukagua, waya unachomolewa, kioo kinakwenda mkononi. Saa moja usiku kinaingia kwenye mkoba, na nyumbani binti anakisimamisha wimawima mkekani anasoma vitabu vya Taasisi ya Elimu alivyopakua. Ile kibodi nyembamba ya laki na ishirini iko kabatini, na hutoka siku za vikao vya AMCOS, penye meza. Kupakatwa, mashine haijapakatwa hata siku moja.

Mimi nimehukumiwa chaja ya pili, ikae dukani, na mtego wa panya. Mtego nimeshanunua.